Hongo ya Njia

Wako wanachama wanaotaka wageni wanaopita mashambani mwetu kutazama mikarafuu watozwe ada ya njia, kila mwenye shamba atoze yake. Kabla hatujakubali, na tuitazame Uha, nchi ya Kalinzi na kahawa yake. Zamani misafara ya Ujiji ilitoa hongo huko. Wala haikuwa rushwa kama neno lilivyo leo, bali ushuru wa kupita. Mwaka 1871 H. M. Stanley alimlipa nguo mkuu mmoja, akamlipa na wa pili, kisha akaambiwa wako wengine mbele. Akamkodi kiongozi, akatoroka usiku na watu wake kwa njia ya porini mpaka Ujiji. Wale wa mbele hawakupata hata upande wa kaniki.

Kutoza si kosa. Njia hufyekwa kwa jasho la mwenyewe. Lakini Gombe, si mbali na Kalinzi, ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na mgeni aweza kuijua ada yake kabla hajapanda mashua Kigoma. Sisi twaona itozwe ada moja, mahali pamoja, kwa stakabadhi, igawanywe kwa wenye mashamba yaliyopitwa. Wachumaji na watoto wa chuoni wapite bure kama siku zote. (Mgeni akivunja tawi la mkarafuu, hilo ni shauri jingine.) Asiyekubali na aje mkutanoni aseme.