Shamba au Ploti? Funzo kutoka Bonde la Mizabibu la Perth

Katika kaunti inayopakana na jiji kubwa, ekari moja ya shamba huwa na bei mbili. Ya kwanza ni bei ya mazao yake, yawe kahawa, majani chai au mboga. Ya pili ni bei ya ploti zinazoweza kukatwa humo. Bei ya ploti ikizidi kwa mbali, shamba huuzwa, na likishajengwa halirudi tena kuwa shamba.

Utalii wa mashambani ni njia mojawapo ya kumwezesha mkulima kupata zaidi bila kuuza ardhi. Makala haya yanaeleza jinsi mpango huo unavyofanya kazi katika Bonde la Swan na vilima vya Perth, Australia Magharibi, na mambo ambayo mkazi wa kaunti yetu anafaa kujua kabla ya kuwafungulia wageni lango lake.

Bonde na vilima vyake

Perth ni jiji la zaidi ya watu milioni mbili. Bonde la Swan liko kaskazini mashariki mwa jiji hilo, mwendo wa takriban nusu saa kwa gari. Ni nchi ya jamii ya Wanoongar, ambao huuita mto wa hapo Derbarl Yerrigan. Walowezi kutoka Uingereza walianza kupanda mizabibu huko karibu na mwaka wa 1830, na baadaye familia nyingi za wahamiaji kutoka Kroeshia zikaja zikalima zabibu kwa mikono yao wenyewe.

Mashariki ya bonde kuna vilima. Bondeni ni joto na zabibu huiva mapema. Vilimani, katika sehemu kama Bickley, kuna baridi kidogo, na mizabibu hukua jirani na matofaa na matunda mengine. Mgeni anaweza kuonja mvinyo bondeni asubuhi, akanunua matunda vilimani mchana, na jioni akawa amerudi nyumbani mjini.

Wageni wengi wa maeneo haya si wale wa kupanda ndege na kulala hotelini kwa wiki nzima. Wengi ni wakazi wa Perth wenyewe wanaotoka na familia Jumamosi au Jumapili.

Mgeni hununua nini?

Mkulima anayeuza zabibu kwa kilo hulipwa mara moja, kwa bei ya mnunuzi. Anayezigeuza kuwa mvinyo na kuufungulia chumba cha kuonja shambani hupata mapato kwa njia kadhaa: ada ya kuonja, chupa anazobeba mgeni, chakula, na pengine malazi. Hakuna wakala kati yake na mnunuzi.

Si kila mkulima huko ana kiwanda cha mvinyo. Wapo wanaouza zabibu za kula kando ya barabara msimu wa mavuno ukifika, asali, jibini, au kazi za mikono. Barabara ya mzunguko ya kilomita 32 yenye alama huunganisha mashamba na biashara hizi, na katika mji mdogo wa Guildford, jengo la zamani la mahakama limegeuzwa kuwa ofisi ya kuwaelekeza wageni. Kwa hivyo mgeni aliyekuja kwa ajili ya shamba moja hupita katika matano, na hata mwenye kibanda kidogo hufaidika.

Sheria iliyozuia ploti

Utalii peke yake haungetosha kulinda bonde hilo. Jiji lilizidi kupanuka, na kaskazini mwa bonde mji mpya wa Ellenbrook ulianza kujengwa katika miaka ya 1990. Mwaka wa 1995 bunge la Australia Magharibi lilipitisha sheria maalumu ya mipango ya Bonde la Swan. Sheria hiyo iliipa kilimo cha mizabibu nafasi ya kwanza, ikaruhusu utalii usioharibu sura ya mashamba, na ikabana ugawaji wa ardhi. Baadaye sheria mpya ya mwaka wa 2020 ilichukua nafasi yake.

Ulinzi huu una gharama. Mwenye shamba aliye ndani ya eneo linalolindwa hawezi kulikata ploti apendavyo, hata jirani yake wa ng'ambo ya mpaka akiuza kwa bei ya juu. Kwa familia inayotaka kugawa urithi au kulipa deni, hilo si jambo dogo. Kwa upande mwingine, bila mpaka huo mgeni angekuta nyumba tu, na hangekuwa na sababu ya kuja.

Inatuhusu vipi?

Kwetu mizabibu ni michache. Nchini Kenya zabibu za mvinyo hulimwa karibu na Naivasha, na kwa majirani zetu Tanzania, Dodoma ndiyo inayojulikana kwa zao hilo. Lakini chai ilipandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka wa 1903, na shamba la Kiambethu huko Tigoni hupokea wageni wanaokuja kusikia historia yake na kula chakula cha mchana. Kahawa nayo ina mengi ya kuonyesha: kuchuma, kumenya, kuanika, kukaanga na kuonja. Mkulima anayepeleka kahawa kiwandani husubiri malipo kwa miezi. Mgeni hulipa siku ile ile.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi za kilimo, utalii wa mashinani, barabara za kaunti, mipango ya maendeleo na utoaji wa leseni za vileo. Kwa hivyo mambo mengi yaliyolijenga Bonde la Swan yako mikononi mwa kaunti na wakazi wake.

Kabla hujafungua lango

• Kubadilisha matumizi ya ardhi, kwa mfano kujenga mkahawa au nyumba za wageni shambani, kunahitaji kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Omba kibali kabla ya kuchimba msingi.
• Kugawanya au kuuza ardhi ya kilimo kunahitaji pia idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Anayenunua bila idhini hiyo yuko hatarini kupoteza haki yake.
• Chukua leseni ya biashara. Wanaopika na kuandaa chakula wapimwe afya, na jikoni kukaguliwe na afisa wa afya ya umma.
• Ukitaka kuuza mvinyo au kileo chochote, pata leseni ya vileo. Asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kuuziwa. Wageni watakaokunywa wawe na dereva asiyekunywa. Huko Perth wengi hukodi basi dogo kwa sababu hiyo.
• Ukitaka kukaanga na kuuza kahawa yako mwenyewe, uliza kwanza ofisi ya kilimo kuhusu leseni inayohitajika.
• Anza na majirani. Shamba moja peke yake huchosha mgeni upesi. Matano yaliyo kwenye barabara moja, kila moja na kitu chake, humpa sababu ya kushinda huko.

Mipaka ya maeneo ya kilimo na ya makazi huamuliwa katika mipango ya matumizi ya ardhi, na sheria inataka wakazi washirikishwe kabla mipango hiyo haijapitishwa. Tangazo la kikao cha umma likibandikwa katika wadi yako, fika, uangalie ramani, na useme shamba lako ungependa liwe upande gani wa mstari.