Somo la Samansi: Je, Mtu Huyu Anakaa Hapa?

Chukueni daftari na kalamu. Somo letu la leo ni juu ya samansi, yaani hati ya mahakama inayomwita mtu shaurini. Tutajifunza swali moja tu: yule anayeipeleka atajuaje ya kuwa anayeitwa anakaa kweli katika nyumba ile?

Labda mtasema, "Hilo ni jambo dogo." Sivyo. Mdaiwa asipofika, na mahakama ikiridhika kwamba alipewa samansi, shauri laweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatolewa. Basi samansi ikibandikwa kwenye nyumba isiyo yake, mtu aweza kushindwa katika shauri ambalo hakulisikia kamwe. Siku atakayolisikia, huenda ikawa ndiyo siku mali yake inapokuja kukamatwa.

Sheria yasemaje? Tunayo Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, na Amri yake ya 5 inahusu samansi. Sheria hiyo hufuatwa katika Mahakama ya Wilaya na mahakama zilizo juu yake. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zao, lakini swali la makazi ni lile lile.

Kwanza, samansi yapasa kukabidhiwa mdaiwa mwenyewe ikiwezekana, naye atie sahihi. Asipopatikana, yaweza kupewa mtu mzima wa jamaa yake anayekaa pamoja naye. Angalieni maneno hayo: "anayekaa pamoja naye". Ndugu yake wa kijiji cha pili hatoshi, na mtumishi wa nyumbani hahesabiwi kuwa mtu wa jamaa. Ikiwa mdaiwa amekataa kuipokea, au ametafutwa kwa bidii asionekane, ndipo nakala hubandikwa mlangoni pa nyumba anayokaa kwa kawaida, au mahali anapofanyia kazi yake.

Sasa, "anayokaa kwa kawaida" maana yake nini katika nchi yetu? Twaeni mfano huu, tulioutunga kwa ajili ya somo. Mkulima wa kahawa wa Mbinga anamdai mvuvi wa Kihagara fedha za nyavu. Mvuvi huyo ana nyumba yake Kihagara, na mkewe na watoto wako humo. Usipa wakipatikana kwingine, yeye huwafuata na kulala katika kambi ya wavuvi wiki tatu au nne. Je, anakaa wapi? Kibanda cha kambini ni mahali pa kulala kwa muda. Nyumbani kwake ni Kihagara, kwa kuwa ndiko jamaa yake iliko na ndiko anakorudi. Lakini kama alihama miaka miwili iliyopita akaoa na kujenga Tunduru, nyumba ya Kihagara si makazi yake tena, hata kama mama yake angali anaishi humo.

Kule milimani Umatengoni kuna ugumu wa namna nyingine. Katika ntambo mmoja nyumba za watu wa ukoo mmoja huwa karibu karibu, na majina yanafanana. Akina Ndunguru, Kapinga, Komba na Nchimbi ni wengi. Jina peke yake halitoshi. Uliza jina la baba, kitongoji, na kazi ya mtu huyo.

Tena angalieni anwani za zamani. Wilaya ya Nyasa ilikatwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Mkataba wa zamani zaidi unaosema "Mbamba Bay, Wilaya ya Mbinga" haukukosea, lakini leo mahali hapo pako katika Wilaya ya Nyasa.

Na vile vibao vya namba za nyumba? Kazi ya anwani za makazi ilifanywa kwa nguvu mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti. Vibao hivyo vinasaidia sana kuipata nyumba. Lakini kibao hutaja nyumba. Hakisemi ni nani analala ndani. Hali kadhalika kitambulisho cha taifa: mtu aweza kuhama, na kitambulisho kikabaki na maneno yale yale.

Basi mpeleka samansi afanye hivi. Akifika kijijini aende kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, aombe daftari la wakazi litazamwe kama lipo, na apewe mtu anayemjua mdaiwa ili waende pamoja. Balozi wa nyumba kumi pia aweza kusaidia, kwani huwajua majirani zake.

Akifika nyumbani asiulize, "Fulani anakaa hapa, sivyo?" Watu wetu wana adabu; wengine wataitikia tu, na wengine wataogopa. Afadhali aamkie, kisha aulize: "Shikamoo, mama. Nyumba hii ni ya nani? Nani wanalala humu siku hizi? Mzee alionekana hapa mara ya mwisho lini? Atarudi lini?" Akiambiwa atarudi Jumamosi, na arudi Jumamosi. Kupita mara moja mchana, watu wakiwa shambani, si kutafuta kwa bidii.

Kisha aandike yote: tarehe, saa, jinsi alivyoipeleka hati, na kama aliibandika, kwa sababu gani. Aandike pia jina na anwani ya mtu aliyemwonyesha nyumba na kushuhudia akibandika. Sheria inataka hayo, na hakimu aweza kumwita amwulize kwa kiapo.

Akikuta mdaiwa amehama, asibandike ili kumaliza kazi. Airudishe hati na kuieleza mahakama ukweli. Kama mdaiwa yuko wilaya nyingine, au amevuka ziwa kwenda Malawi, mahakama ndiyo itakayoamua njia. Kama anajificha, mdai aweza kuomba njia ya badala, kama vile kutangaza gazetini.

Nawe unayesikia kwamba umehukumiwa bila kuitwa, usikae kimya. Nenda upesi katika mahakama ile ile ukaombe hukumu itenguliwe, ukionyesha kwamba samansi haikukufikia. Muda wa kuomba una mwisho wake. Na wewe mwenyekiti au balozi, usitie sahihi kwamba mtu anakaa mahali ambapo unajua amekwisha hama. Sahihi yako yaweza kumnyima jirani yako nafasi ya kujitetea.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kijana anafanya kazi Songea, lakini hurudi Lituhi kila mwisho wa mwezi kwa mke na watoto. Anakaa wapi?

2. Je, samansi yaweza kuachwa kwa kibarua anayechuma kahawa ya mdaiwa?

3. Daftari la wakazi la kitongoji chenu liliandikwa upya lini?