Mpakato Mwepesi au Wenye Nguvu? Hesabu ya Wati kwa Mnunuzi wa Bariadi

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, ni mkoa wa pamba na mifugo. Fedha nyingi zinunuazo vitu vya thamani katika nyumba za huko hutokana na pamba iliyouzwa, au na ng'ombe aliyepelekwa mnadani. Kwa hiyo mzazi wa Itilima au Maswa amnunuliapo mwanawe kompyuta mpakato ya kwenda nayo chuo kikuu, hanunui kitu cha kujaribia. Hununua mara moja, na chombo hicho hutakiwa kudumu miaka mitatu au minne ya masomo. Ndivyo ilivyo pia kwa mwalimu aliyejinyima kwa miezi mingi, na kwa shule ambayo bodi yake imekubali hatimaye kutoa fedha za kompyuta moja tu.

Madukani Mwanza au Kariakoo, mnunuzi huyu hukutana na koo mbili za mashine. Ukoo wa kwanza ni wa zile zilizoundwa kwa kazi za ofisi na za wasafiri wa biashara: nyembamba, zenye uzito wa kilo 1.2 hadi 1.6, na kibodi imara. ThinkPad, Latitude na EliteBook ni majina yajulikanayo katika ukoo huu, na nyingi huuzwa nchini zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo. Ukoo wa pili ni wa zile zilizoundwa kwa ajili ya michezo ya video. Hizi huwa na uzito wa kilo 2.2 hadi 3, feni mbili, kioo kikubwa, taa za rangi chini ya vibonye, na chaja nzito kama tofali dogo. Fedha zinunuazo mpakato mpya wa ofisi mara nyingi hutosha kununua wa michezo uliotumika. Hapo ndipo vishawishi huanza, maana muuzaji atasema, na ni kweli, kwamba ule wa pili una nguvu zaidi.

Yafaa basi kuuliza nguvu hiyo hutoka wapi na huishia wapi.

Nguvu hugeuka joto

Kazi ya prosesa ni kufungua na kufunga swichi ndogo mno ziitwazo transista, ambazo katika chipu moja ya leo huhesabiwa kwa mabilioni. Kila swichi igeukapo hutumia nishati kidogo ya umeme, na nishati hiyo hugeuka kuwa joto. Kompyuta haiinui mzigo wala haisagi mahindi. Ukiondoa mwanga wa kioo na sauti kidogo, takriban kila joule iingiayo ndani yake hutoka ikiwa joto. Wahandisi hukadiria nguvu itumikayo kwa kanuni fupi: nguvu huenda sambamba na kasi ya mapigo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Tuseme prosesa imeongezewa kasi kwa asilimia 50, na ili iihimili kasi hiyo volteji yake imepandishwa kwa asilimia 20. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kupiga hesabu: 1.5 × 1.2 × 1.2 ni 2.16. Kasi imeongezeka kwa nusu, joto limezidi maradufu.

Ndiyo sababu prosesa za mipakato ya ofisi huwekewa kiwango cha wati 15 hadi 28, na mashine nzima, mwalimu anapoandika mtihani, hutumia kama wati 8 au 10 tu. Chaja yake ni ya wati 45 au 65. Katika mpakato wa michezo, prosesa hupewa wati 45 au zaidi, na pembeni yake kuna chipu ya pili, kichakata picha, ambayo katika mashine kubwa huweza kula wati 100 hata 150. Chaja zake huanzia wati 180 na kufika 330.

Betri nazo zina ukomo wake. Kanuni za usafiri wa anga humruhusu abiria kubeba betri isiyozidi watisaa 100 bila kibali cha pekee, kwa hiyo viwanda huishia hapo, hata mashine iwe na njaa kiasi gani. Mpakato wa ofisi wenye betri ya watisaa 50, ukitumia wati 8, utafanya kazi kwa saa 6 hivi. Wa michezo wenye betri ya watisaa 90, ukitumia wati 25 kwa kazi hiyo hiyo ya kuandika, hautafikisha saa 4. Ukiamriwa kufanya kazi nzito, utaisha kwa muda wa saa moja. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra: betri haiwezi kutoa wati 200 kwa mkupuo, hivyo chaja ikichomolewa mashine hujipunguzia kasi yenyewe. Nguvu uliyoinunua ipo palipo na tundu la umeme.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanajua kwamba tundu la umeme na umeme wenyewe ni vitu viwili. Mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023 haujasahaulika, na hata pasipo mgawo, nguzo huangushwa na upepo wa masika. Mashine itumiayo wati 200 humaliza uniti moja ya umeme kwa saa 5. Ile ya wati 20 huitumia uniti hiyo hiyo kwa saa 50. Kwa shule itegemeayo jua, tofauti ni kali zaidi. Paneli ya wati 100, katika siku yenye saa 5 za jua kamili, hutoa watisaa 500. Ukiondoa kinachopotea njiani na katika betri, tuseme hubaki 350. Mpakato wa ofisi wa wati 20 ukitumika saa 6 huhitaji watisaa 120, hivyo paneli hiyo yaweza kulisha karibu mipakato mitatu. Wa michezo, ukifanya kazi yake halisi ya wati 180 kwa saa hizo 6, huhitaji watisaa 1,080, yaani zaidi kidogo ya paneli tatu kwa mashine moja, na kibadilisha umeme kikubwa juu yake.

Vumbi la mbuga na nyuzi za pamba

Joto likishazaliwa lazima litolewe. Ndani ya mpakato kuna bomba jembamba la shaba lenye kimiminika kidogo. Kimiminika hicho huchemka upande wa chipu, mvuke husafiri hadi kwenye mapezi ya chuma kandoni, hupoa, hurudi kuwa maji, na mzunguko huanza upya. Feni hupuliza hewa kati ya mapezi hayo.

Sasa, kiasi cha joto kiwezacho kuondolewa hutegemea tofauti ya halijoto baina ya chipu na hewa ya chumbani. Chipu nyingi hujipunguzia kasi zifikapo karibu nyuzi 95 au 100. Tuchukue 95. Katika chumba cha nyuzi 20, kama kile ambamo mashine hupimwa kabla ya kusifiwa, tofauti ni nyuzi 75. Katika darasa la bati mchana, lenye nyuzi 32, tofauti ni 63. Mapezi yale yale na feni ile ile sasa hutoa asilimia 84 tu ya joto. Mpakato wa ofisi hautahisi sana, kwa sababu haukuwa na joto jingi tangu mwanzo. Wa michezo, ambao umeundwa ukiwa ukingoni, utarudi nyuma.

Kisha lije vumbi. Nafasi kati ya pezi na pezi haifiki milimita mbili. Vumbi la kiangazi likiwa peke yake huweza kupulizwa likatoka. Lakini msimu wa pamba, magunia yanapopita barabarani na vinu vya kuchambulia vinapofanya kazi, hewa hubeba pia nyuzi laini. Nyuzi hushikana, hushika vumbi, na kufanya blanketi dogo mbele ya mapezi. Feni mbili zivutazo hewa nyingi huvuta pia vumbi jingi. Mwenye mashine ya namna hii hana budi kuifungua na kuisafisha angalau mara mbili kwa mwaka, na kubadili grisi ya kupitishia joto inapokauka. Fundi aijuaye kazi hiyo apatikana mjini. Vijijini Meatu ni shida.

Historia yetu wenyewe ina somo katika habari hii ya kulinganisha mashine na mazingira yake. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta kushindwa, Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Mashine za wakati ule hazikuwa mbovu kuliko za nchi nyingine. Kilichokosekana ni vitu vilivyopaswa kuizunguka mashine: mafundi, wataalamu na maandalizi.

Isidhaniwe kwamba mashine za michezo ni upuuzi. Jina lake huwapotosha wazazi. Kichakata picha hufanya hesabu ndogo maelfu kwa wakati mmoja, na hesabu hizo, zilizokusudiwa kuchora vita vya kubuni, ndizo hizo hizo zihitajikazo katika sayansi. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton waliifundisha programu kutambua vitu katika picha milioni 1.2 kwa kutumia kadi mbili za michezo zilizouzwa madukani. Mafunzo yalichukua siku tano hadi sita. Kazi hiyo ilifungua mlango wa akili unde ya leo, na Hinton alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2024, akishirikiana na John Hopfield.

Basi kijana wa Bariadi aendaye kusomea usanifu wa majengo, uhariri wa filamu, au ujifunzaji wa mashine ana haki ya kuutaka mpakato mzito. Lakini na yeye atofautishe kuifundisha programu na kuitumia. Programu ya Nuru, itambuayo magonjwa ya muhogo kwa kutazama jani, ilifundishwa kwa kompyuta zenye nguvu. Mkulima huitumia shambani kwa simu ya kawaida, hata pasipo mtandao. Mwalimu aandaaye masomo, aandikaye mitihani, apangaye alama na kuonyesha picha ukutani yumo katika kundi la pili, na vishikwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vimekwisha kuonyesha jinsi kazi nyingi za namna hiyo zisivyohitaji nguvu kubwa. Kwa maoni ya mwandishi, mwalimu wa namna hiyo asipoteze usingizi: achukue ule mwepesi, wenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 ikiwezekana, na diski isiyozunguka.

Shule ihitajiyo nguvu kweli, na ambayo mashine yake haitatoka ofisini kamwe, iutazame pia uwezekano ambao wauzaji wa mipakato hawausemi: kompyuta ya mezani. Kwa fedha ile ile hutoa kazi zaidi, hupoa vizuri kwa kuwa ina nafasi, na kila kiungo chake hubadilishwa kwa skrubu chache. Dosari yake kubwa ni kwamba haina betri, hivyo huhitaji kifaa cha akiba ya umeme pembeni.

Kwa anunuaye iliyotumika, ndugu msomaji, kuna kipimo kimoja kisichohitaji fundi. Katika mashine zenye Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotengenezwa huonyesha tarakimu mbili: ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, na ujazo wake wa sasa. Betri iliyozaliwa na watisaa 57 ambayo leo hushika 31 imebakiwa na asilimia 54. Mpakato utumiao wati 8 utakupa saa 3 na dakika 50 hivi, si saa 7 zilizoandikwa kwenye karatasi ya tangazo. Uliza bei ya betri mpya kabla ya kulipa, uitoe katika bei ya mashine, ndipo mpatane.