Vita Havikuishia Msituni
Wapiganaji wa Meru na Embu walipotoka katika msitu wa Mlima Kenya baada ya uhuru wa 1963, vita havikubaki nyuma. Jemadari Musa Mwariama alilakiwa kwa heshima. Mwenzake Baimungi Marete, aliyeendelea kudai ardhi akiwa msituni, aliuawa na vikosi vya serikali huru mwaka 1965. Marufuku ya kikoloni ya 1950 dhidi ya Mau Mau ilidumu hadi 2003. Kama mwanaisimu, naona hapo jeraha la pili: miaka 40 ya uhuru chama cha mpiganaji kilikuwa haramu kisheria. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Walimu, wanafunzi, yaandikeni maneno ya wazee wachache waliosalia, kwa Kimeru na Kiembu chao.