Dereva, Kondakta na Moyo: Mazoezi ya Viungo Mahali pa Kazi

Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake ni kazi ipi iliyo ngumu zaidi, udereva au ukondakta, wengi watajibu kuwa ni udereva, kwa kuwa huo ndio wenye kuhitaji ujuzi. Moyo, hata hivyo, una kipimo chake. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1953, pale daktari Mwingereza Jerry Morris na wenzake walipochapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London.

Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitini kwa takriban asilimia 90 ya zamu yake, ambapo kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, na ilihesabiwa kuwa hupanda vidato 500 hadi 750 kila siku ya kazi. Watu hawa walikuwa na mwajiri mmoja, walipita katika barabara zilezile, na maisha yao nje ya kazi hayakutofautiana sana. Wafanyakazi waliochunguzwa walikuwa wanaume wapatao 31,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 64. Ilionekana kwamba maradhi ya mishipa inayoulisha moyo damu yaliwapata madereva zaidi kuliko makondakta, na kwamba hata makondakta walioyapata hawakufa mapema kwa wingi kama madereva. Katika idara ya posta mambo yalikuwa vivyo hivyo: wasambazaji wa barua, waliokwenda kwa miguu na kwa baiskeli, walikuwa na afadhali kuliko makarani na wapokeaji wa simu.

Msomaji makini atauliza: je, haiwezekani kwamba watu wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo? Swali hili ni la haki, na sifa moja ya Morris ni kwamba alijiuliza yeye mwenyewe. Mwaka 1956 yeye na wenzake walikwenda kwenye kumbukumbu za sare, wakalinganisha vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, madereva walivaa suruali pana zaidi, hata walio vijana! Basi hoja ya ngazi peke yake haikutosha. Ndipo wakawageukia watumishi wa serikali, ambao wote hukaa mezani. Kati ya mwaka 1968 na 1970 watumishi wapatao 17,000 waliandika kwa utaratibu yale waliyoyafanya siku ya Ijumaa na Jumamosi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1973 yalionyesha kuwa wale waliofanya mazoezi ya nguvu katika saa zao za mapumziko walikuwa na hatari ya kupata maradhi hayo ipatayo theluthi moja tu ya hatari waliyokuwa nayo wenzao.

Sasa natufanye hesabu ndogo. Mtu wa kilo 70 akipanda kidato chenye kimo cha sentimeta 17, kazi aifanyayo dhidi ya mvutano wa dunia ni 70 × 9.8 × 0.17, yaani juli 117 hivi. Kwa vidato 600 ni kilojuli 70. Misuli hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, na iliyobaki hutoka kama joto. Kwa hiyo mwili hutumia kilojuli 280 hivi. Nishati hiyo imo katika vijiko vinne vidogo vya sukari, ambavyo wako watu huvitia katika kikombe kimoja cha chai ya saa nne. Faida ya kondakta, basi, haiwezi kuwa katika kuunguza mafuta peke yake.

Faida kubwa imo katika kule kuitwa kwa moyo mara kwa mara. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma damu lita 5 hivi kwa dakika. Misuli ya miguu ikidai oksijeni, kiasi hicho hupanda maradufu au zaidi. Moyo uliozoeshwa hivyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo huhitaji mapigo machache mtu anapopumzika. Shinikizo la damu hushuka, na misuli hupata wepesi wa kuchukua sukari iliyomo katika damu.

Isidhaniwe, lakini, kuwa kila kazi ya sulubu ni mazoezi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba kusimama kutwa au kuinua mizigo bila nafasi ya kupumzika hakuleti faida ileile. Kondakta wetu wa daladala, aliyejikunja mlangoni tangu alfajiri, hana ngazi ya kupanda.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa siku tano za kazi ni angalau dakika 30 kwa siku. Michezo ya SHIMIWI huwakutanisha watumishi wa wizara na idara za serikali ya Tanzania, nayo ni mema. Ila timu ya kuvuta kamba huchagua wenye nguvu tayari, na wasio na nguvu hukaa kushangilia. Mwajiri atakayetaka kuwafikia hao wa pili aanze na vitu vidogo: taa katika ngazi, mahali pa kuoga kwa ajili ya ajaye kwa baiskeli, na ruhusa ya kutembea nusu saa mchana bila kuhesabiwa mtoro. Katika jengo moja nilikokwenda kwa shughuli nilizikuta ngazi zimefungwa kwa kufuli, na nyuma ya mlango zimerundikwa viti vibovu. Wageni na wenyeji tulipanga foleni kungoja lifti ya kwenda ghorofa ya pili.

Wanafunzi waweza kuanza na walimu wao. Mpimeni mwalimu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 akiwa ameketi, kisha mzidishe kwa nne. Kama ni mzima, apande ngazi au kilima kifupi kwa dakika mbili, apimwe tena papo hapo, na kila baada ya dakika moja hadi mapigo yarudi yalipokuwa. Mchoreeni grafu yake, mwiche jina, muibandike ukutani karibu na grafu ya mpiga kengele wa shule.