Texas Inajaa Watu

Ukikaa Sigino, hapa Manyara, ukasikia kwamba jimbo fulani la Marekani linaongezeka watu kwa kasi ya kustaajabisha, unaweza kudhani jambo hilo halijawahi kutokea kwetu. Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2010 iliikuta Texas ina watu 25,145,561. Ya mwaka 2020 ikakuta 29,145,505. Hao ni karibu watu milioni 4 kwa miaka 10, na hakuna jimbo jingine la Marekani lililoongeza wengi kiasi hicho. Kwa asilimia ni 15.9. Sasa tuutazame Mkoa wetu wa Manyara: mwaka 2012 tulikuwa 1,425,131, mwaka 2022 tukafika 1,892,502. Hiyo ni karibu asilimia 33. Kwa kasi, tumewazidi mara mbili.

Tofauti iko kwenye mlango wanaoingilia. Kwetu wengi huingilia wodi ya wazazi, na tunawasubiri wakue, wasome, ndipo washike jembe au kalamu. Texas nao wanazaa, lakini sehemu kubwa ya wageni wao hufika wakiwa watu wazima wenye ufundi mkononi, wamelelewa na kusomeshwa kwa gharama ya watu wengine. Wapo wanaotoka nje ya nchi, na wapo Wamarekani wenyewe wanaohama majimbo kama California kwa sababu nyumba ni ghali. Texas haitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, ardhi yake ni tele, na ajira zipo tangu mafuta yalipofumuka Spindletop, karibu na Beaumont, Januari 1901. Kampuni nazo zinahama. Toyota, ambayo magari yake yamejaa barabara zetu za Babati, mwaka 2017 ilihamishia makao makuu yake ya Amerika Kaskazini katika mji wa Plano, kaskazini mwa Dallas, kutoka California.

Texas yenyewe ni kubwa. Ina kilomita za mraba zipatazo 695,000, karibu robo tatu ya Tanzania. Ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi mwaka 1836 ilipojitangazia uhuru, kisha mwaka 1845 ikajiunga na Marekani. Ndiyo maana ni kosa kumwita kila anayezungumza Kihispania huko mhamiaji. Wako wenye mababu waliozikwa pale kabla bendera ya Marekani haijapandishwa. Mwaka 2022 makadirio ya Ofisi ya Sensa yalionyesha kwamba watu wa asili ya Kihispania wamefika asilimia 40.2 na kuwapita Wazungu wasio wa asili hiyo, waliokuwa 39.8. Katika ongezeko la miaka ile 10, kila alipoongezeka Mzungu mmoja waliongezeka karibu watu 11 wa asili ya Kihispania. Weusi ni kama mmoja katika kila wanane. Wengi wao ni wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba, ambao habari ya uhuru wao ilitangazwa mjini Galveston tarehe 19 Juni 1865, zaidi ya miaka miwili baada ya Rais Lincoln kutia saini tangazo la kuwaacha huru. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa zima.

Mchanganyiko huu unaonekana vizuri zaidi Houston. Katika barabara ya Bellaire, vibao vya majina ya mitaa vimeandikwa Kiingereza na, chini yake, Kichina au Kivietinamu. Wavietinamu walikuja baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, na wengi wakaingia kwenye uvuvi wa kamba katika Ghuba ya Meksiko. Wakazi wa huko walikuwa wakichemsha kamba wa mtoni kwa pilipili. Wavietinamu wakaongeza siagi na vitunguu saumu vingi, na leo mapishi hayo yanaitwa ya Houston. Wanaijeria ni wengi pia, na mmoja wao, Hakeem Olajuwon wa Lagos, aliwapa Houston Rockets ubingwa wa mpira wa kikapu mwaka 1994 na 1995. Hasheem Thabeet wetu, naye mcheza kikapu, alisoma sekondari papo hapo Houston. Kiswahili nacho kimefika: wakimbizi kutoka Kongo wanakizungumza Houston, Fort Worth na hata Abilene, mji mdogo wa magharibi.

Sensa ya Marekani huuliza rangi na asili ya kila mtu, na majibu hayo hutumika kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Baada ya sensa ya 2020 Texas iliongezewa viti viwili katika Baraza la Wawakilishi, kutoka 36 hadi 38. Sisi Watanzania tuliacha kuuliza kabila baada ya sensa ya 1967. Mimi naona tulifanya vyema, ingawa hapa kwetu jibu lingekuwa refu. Manyara ina Wairaqw na Wagorowa, ambao lugha zao ni za Kikushi. Wabarbaig na Wamaasai, ambao zao ni za Kiniloti. Wambugwe na Warangi, ambao ni Wabantu. Na Wahadza wa Yaeda Chini, ambao wataalamu hawajaipatia lugha yao ndugu wa uhakika. Mnadani wote hawa wanapatana bei kwa Kiswahili.

Lakini ukizisoma takwimu za Texas, kuna watu huwaoni. Wacomanche, waliokuwa wakiwinda nyati kwa farasi katika nyanda zile, walisukumwa na mifugo, mashamba na jeshi hadi wa mwisho wakasalimu amri mwaka 1875 na kuwekwa Oklahoma. Leo jimbo zima lina maeneo matatu tu madogo yaliyotengewa wenyeji wa asili, na makabila yanayoishi humo yenyewe yalifika yakitokea kwingine.

Hili linatuhusu. Miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya ngano ya serikali yalichukua malisho ya Wabarbaig katika nyanda za Basotu, Hanang, na familia zikatawanyika na ng'ombe wao. Mwaka 2011 Wahadza wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao kama jamii, jambo ambalo Wacomanche hawakulipata kamwe Texas. Karibu nusu milioni wameongezeka mkoani kwetu kwa miaka 10, na kila mmoja wao atataka kiwanja na shamba. Madiwani na wenyeviti wa vijiji, kabla hamjapiga muhuri wa kugawa ardhi, mwiteni kwenye kikao mfugaji na mwindaji anayeitumia.