Kung'arisha Mawe ya Bonde la Kilombero

Katika sehemu nyingi za Michenga, jirani na mji wa Ifakara, mkulima aweza kulima shamba zima la mpunga bila jembe lake kugonga jiwe hata moja. Ardhi ni mchanga, tope na udongo wa mfinyanzi. Hata hivyo, akiinua macho kuelekea kaskazini-magharibi, huiona safu ya Milima ya Udzungwa, ambayo kilele chake kirefu, Luhombero, hufikia mita 2,576 juu ya usawa wa bahari, ilhali sakafu ya bonde iko kwenye mita 250 hivi tu. Upande wa pili, kusini-mashariki, iko milima ya Mahenge. Chini ya misitu yake, milima hiyo yote imejengwa kwa miamba migumu ya kale. Kila masika mito huteremka kwa nguvu kutoka huko. Basi mawe ya milimani huishia wapi?

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanafunzi na mwalimu wake namna ya kulichunguza swali hilo kwa mikono yao wenyewe. Njia yenyewe ni kazi ya burudani inayopendwa na watu wengi duniani: kuokota mawe na kuyang'arisha ndani ya pipa linalozunguka. Wengi huifanya kwa ajili ya uzuri wa jiwe, na tope linalobaki pipani hulimwaga. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kulihifadhi tope hilo, kwa maana ndilo lenye jibu.

MTO NI PIPA LA KWANZA

Jiwe linalomeguka mlimani huwa na kingo kali. Likiingia mtoni hugongana na wenzake na kusuguliwa na mchanga, hata kingo zake zikaisha. Ndiyo sababu mawe ya mtoni ni laini na ya mviringo. Mwaka 1875 mhandisi wa Kijerumani, Hermann Sternberg, alieleza jinsi mawe ya mto Rhine yanavyopungua ukubwa kwa utaratibu kadiri yanavyosafiri kuelekea chini. Sehemu ya upungufu huo hutokana na kusagika, na sehemu nyingine hutokana na mto wenyewe kuyaacha nyuma mawe mazito pindi nguvu zake zinapopungua.

Katika karne hiyo hiyo Mfaransa Auguste Daubrée aliuleta mto ndani ya maabara. Alitia vipande vya mawe na maji katika mitungi iliyozungushwa kwa muda mrefu. Vipande vikawa vya mviringo, na maji yakajaa tope laini sana. Pipa la kung'arishia mawe la leo ni ndugu wa mitungi hiyo ya Daubrée.

MAHALI PA KUOKOTA

Kwa kuwa tambarare ya mafuriko haina mawe mengi, mkusanyaji wa Michenga au Ifakara atapaswa kuyafuata karibu na mguu wa mlima, mahali mito inapotoka bondeni kwa kasi. Barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara huvuka vijito vingi vya namna hiyo. Lakini si kila mahali panaruhusiwa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni marufuku kuchukua chochote, hata kokoto moja. Katika misitu ya hifadhi na mapori ya akiba, ni lazima kwanza kupata idhini. Vilevile kokoto za reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, zisiguswe kamwe, kwani ndizo zinazoishikilia reli mahali pake.

Mahali pepesi pa kuanzia ni lundo la kokoto kwenye jengo linalojengwa. Mwombe mwenye jengo au msimamizi, naye hatakosa kukupa konzi mbili. Muulize pia kokoto zililetwa kutoka wapi, kisha uandike jibu lake. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi ni pambo tu, hata likiwa zuri namna gani. Andika namba kwa wino usiofutika juu ya kila jiwe, na katika daftari andika namba hiyo, mahali, tarehe, uzito, rangi na umbo. Kazi hii ifanywe kabla ya kusugua, kwa sababu pipa litazifuta alama zote. Daima bakiza kipande kimoja kisichosuguliwa.

KUYATAMBUA MAWE

Miamba mingi ya Udzungwa na Mahenge ni miamba geu, yaani miamba iliyobadilishwa kwa joto na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Anayeanza atakutana zaidi na haya yafuatayo:

Kwatsi ni jiwe jeupe au la rangi ya maziwa, mara nyingine angavu kama kioo. Hukwaruza chupa, wala kisu hakiliwezi. Ndilo jiwe bora kwa anayeanza.

Feldispa ni nyeupe au ya waridi. Ikivunjika hutoa nyuso bapa zinazong'aa.

Ulanga ni yale magamba membamba yanayometameta na kubanduka kwa ukucha. Jina hilo ndilo pia jina la wilaya iliyo ng'ambo ya mto Kilombero.

Naisi ni mwamba wenye mistari myeusi na myeupe, uliochanganyika kwatsi, feldispa na ulanga, na pengine chembe nyekundu za ganeti. Wenye ulanga mwingi haufai pipani, maana magamba hunyofoka na kuacha mashimo.

Marumaru, ambayo hupatikana upande wa Mahenge, hukwaruzwa kwa kisu kwa urahisi. Ukidondosha asidi ya maabara iliyozimuliwa juu yake, hutoa mapovu.

Ugumu hupimwa kwa kipimo alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, kuanzia 1 hadi 10. Ukucha una kiasi cha 2.5, marumaru 3, kisu na kioo kama 5.5, feldispa 6, kwatsi 7, na almasi 10. Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutochanganya mawe ya ugumu tofauti katika pipa moja. Marumaru ikitiwa pamoja na kwatsi itasagwa yote kabla kwatsi haijapoteza hata kingo zake.

Neno moja kuhusu vito. Miamba ya marumaru ya Mahenge ni mashuhuri kwa yakuti na spineli. Mwaka 2007, huko Ipanko, zilipatikana fuwele za spineli kubwa mno, na kubwa kuliko zote ilizidi kilo 50. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, madini ni mali ya umma, na kuyachimba au kuyauza huhitaji leseni. Mwanafunzi akishuku kuwa ameokota kito, asikitie pipani. Amwonyeshe mwalimu, na mwalimu apeleke habari kwa ofisi ya madini.

KUTENGENEZA PIPA

Pipa laweza kutengenezwa kwa bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimeta 15 na urefu wa sentimeta 20, lenye vifuniko visivyovuja. Ndani yake livishwe mpira wa gurudumu kuukuu. Pipa hulazwa juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyoegemezwa kwenye beringi, na kimoja huzungushwa kwa mkanda kutoka kwenye mota ndogo. Fundi baiskeli hodari hatashindwa na kazi hiyo.

Je, lizunguke kwa kasi gani? Likienda kasi mno, mawe yatang'ang'ania ukuta na kuzunguka nalo bila kusuguana. Hali hiyo hutokea pale mchapuko wa kuelekea katikati, yaani ω²r, unapolingana na mchapuko wa mvutano wa ardhi, g. Kwa pipa letu, r ni mita 0.075. Basi ω = √(9.8 ÷ 0.075), ambayo ni radiani 11.4 kwa sekunde, au mizunguko 109 hivi kwa dakika. Nusu ya kasi hiyo, yaani mizunguko 50 hivi, inafaa. Kwa mwendo huo ukuta wa pipa husafiri karibu kilomita 34 kwa siku moja.

HATUA ZA KUSUGUA

Jaza mawe hadi theluthi mbili za pipa, makubwa kwa madogo, kisha tia maji mpaka yakaribie usawa wa mawe ya juu. Ongeza chenga za karborandamu, dutu ngumu iliyogunduliwa na Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891 na ambayo hutumika katika misasa ya maji. Vijiko viwili vya mezani kwa kila kilo ya mawe vyatosha.

Hatua ya kwanza hutumia chenga nene, namba 60 hadi 90. Ya pili namba 120 hadi 220. Ya tatu namba 500 au 600. Na ya mwisho unga laini wa oksidi ya alumini. Kila hatua huchukua wiki moja au zaidi. Kabla ya kuanza hatua mpya, osha mawe na pipa kwa uangalifu, kwa kuwa punje moja nene iliyobaki huweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Fungua pipa kila siku, maana gesi hujikusanya ndani.

Asiye na mota asikate tamaa. Kipande cha marumaru huweza kung'arishwa kwa mkono, kwa misasa ya maji ya mafundi wa rangi za magari, ukianzia namba 120 na kupanda hadi 1,200 au zaidi.

JARIBIO LA TOPE

Jaribio hili hufanywa kwa mawe na maji tu, pasipo chenga. Shule isiyo na pipa itumie chupa ya plastiki yenye mdomo mpana na vipande vya tofali la kuchoma. Pima uzito wa vipande vikiwa vikavu, tia maji, funga, tikisa mara 200, kausha na upime tena. Rudia mara tano, kisha chora grafu. Mwanzoni uzito hupungua upesi, kingo zinapovunjika. Baadaye hupungua polepole.

Sasa mimina maji machafu katika glasi ndefu na uyaache yatulie. Chenga nene huzama mara moja, mchanga mwembamba baada ya dakika, na tope laini huendelea kuelea kwa saa nyingi. Kwa punje ndogo sana, ile yenye kipenyo kidogo mara kumi huzama polepole mara mia.

Hapo jibu la swali letu laonekana. Mto ukitoka mlimani hupungua kasi: huacha mawe kwanza, kisha mchanga, na maji ya mafuriko yanapotulia mashambani, tope huzama. Ni kweli kwamba kusagika si njia pekee ya kufanyika kwa tope, kwani mvua na joto huozesha feldispa milimani na kuifanya mfinyanzi. Lakini mtawanyiko wake bondeni hufuata utaratibu ule ule wa glasi. Shamba la mpunga la Michenga ni mlima uliosagwa, ukachekechwa na maji.

TAHADHARI

Usivunje mawe bila miwani ya kukinga macho. Usisugue jiwe likiwa kavu, kwa kuwa vumbi la kwatsi huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Weka mota na nyaya zake mbali na maji. Usimwage tope la pipa katika bomba la maji machafu, maana huganda kama saruji. Usiingie mtoni peke yako, wala palipo na mamba na viboko, wala katika maji yaliyotuama, ambamo huwamo kichocho.

MASWALI YA KUJARIBU

1. Tafuta kasi ya ukomo ya pipa lenye kipenyo cha sentimeta 30. Je, ni zaidi au pungufu ya ile ya pipa letu? Kwa nini?

2. Chukua udongo kutoka kingo za mto na kutoka katikati ya shamba la mpunga. Uchunguze kila mmoja katika glasi ya maji. Tofauti yake ni nini?

3. Marumaru na kwatsi za uzito sawa zimetiwa pipani pamoja kwa siku saba. Bashiri grafu ya kila moja, kisha ufanye jaribio.